Aliyekufa Habipi

Siku hizi watu hawabip. Mtu yuko Dubai anampigia mkewe aliye Katoro kwa picha, wanaonyeshana mboga walizopika, na hakuna anayeshangaa. Wanangu nikiwaeleza kwamba zamani tulikuwa tunampigia mtu ili asipokee, wananitazama kwa huruma, wakidhani kichwa cha mama yao kimeanza kuchoka. Ninyi wa rika langu mnajua. Unapiga, inaita, unakata. Mwenzako anaona jina lako, anajua upo na umemkumbuka, na hakuna aliyekatwa hata senti. Kuna ndoa zilizofungwa kwa bip, na kuna watoto walioitwa nyumbani kutoka machungani kwa bip.

Nimeyakumbuka haya juzi sokoni. Mimi ninauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba na kuanikwa mpaka vikakauka kabisa, na jirani yangu anauza dagaa. Alikuwa amekitumbukiza kisimu chake cha tochi ndani ya bakuli tupu la bati ili akisikie katika kelele za bodaboda. Kikaita ndani ya bati, kikakatika. “Achana naye, anabip huyo,” akasema, akaendelea kupima dagaa wake. Mimi mkono uliniganda juu ya kopo la kupimia. Harufu ya michembe puani, mlio wa simu ndani ya chombo kitupu, na jua linazama nyuma ya mabati ya soko. Mteja aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, ni jua tu.

Kwetu ni kijiji kilicho ndani kidogo ukitoka Tinde, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Tulikuwa watatu: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa mchimbaji. Nilipokuwa mdogo sana alichimba Geita, akija nyumbani na vumbi jekundu kwenye nyusi na zawadi ya khanga kwa Mama. Mwaka mmoja mwamba ukatema dhahabu vizuri, akarudi na simu mbili, moja yake na moja yetu. Halafu akasikia kwamba nje ya nchi kuna machimbo mapya ambako udongo haujaguswa. Baba yangu alikuwa mtu asiyeweza kusikia habari ya mahali na asiende.

Kabla hajaondoka ilibidi simu yetu itafutiwe makao, kwa maana mtandao haukuwa umetufikia sawasawa. Ulikuwa unatupita tu ukielekea kwa wengine. Baba alizunguka uwanja mzima ameinua mkono, kama anayemwita kuku aliyepotea, mpaka akafika kwenye nguzo ya kihenge tulichohifadhia michembe. Pale vile vijiti vya mtandao vikasimama. Akisogea kidogo, vinaanguka. Akachukua nusu ya kibuyu, akakipigilia msumari kwenye nguzo, akailaza simu humo. Tulipoijaribu, mlio ulitoka mkubwa na mzito, kama kibuyu chenyewe ndicho kinachoita. Bibi akacheka, akasema sasa nyumba imepata jogoo wa jioni.

Sheria Baba aliiweka yeye mwenyewe, tumesimama wote pale kwenye nguzo. “Nitabip kila jua likizama,” alisema. “Msipokee. Nikiwa huko nje na laini yangu hii, mkipokea wanayemkata ni mimi, na wanakata kwa panga. Mkiona imeita mara moja ikakatika, jueni nipo mzima. Nikiwa na neno la kusema nitapiga mara mbili, moja nyuma ya nyingine. Hiyo ya pili ndiyo mpokee.” Mama akarudia sheria, Bibi akairudia, na mimi nikairudia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nilikuwa nimeanza shule na nilijiona karani wa nyumba.

Siku ya kwanza aliyopiga mara mbili alikuwa Kenya. Mama akainua simu bila kuitoa kibuyuni sana, sote tukasogeza vichwa pale kama kuku kwenye chombo kimoja. “Nimevuka,” alisema Baba. “Kabula, unanisikia? Nimevuka mpaka, na simu imenikaribisha. Imeandika karibu, kabla hata askari hajanitazama usoni.”

“Imejuaje kama umefika?” nikauliza.

“Mtandao wa huku umeikamata. Kila nchi ina wake, mwanangu. Ukitoka huko unakabidhiwa huku.”

Mimi ambaye sikuwa nimepita Tinde nililibeba neno lile kama lilivyo. Nikaona kwenye kila mpaka kuna mtu amekaa, anamjua baba yangu kwa jina, anampokea kutoka kwa mwenzake na kumkabidhi kwa mwingine mbele ya safari. Nilitulia moyoni. Aliyekabidhiwa hapotei. Baadaye akapiga mara mbili tena, yupo Uganda, sauti yake ikifuatwa na mwangwi, na nikamuuliza mbele ya huko kuna nchi gani. Akasema zipo nyingi, dunia haina ukuta. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia sauti yake, na sikuiweka akilini vizuri kwa sababu nilikuwa nawahi kwenda kufunga ndama.

Bip zenyewe zilikuja kila magharibi. Bibi alikuwa akitoa kigoda chake na kukaa karibu na kihenge, miguu ameinyoosha, harufu ya michembe ikimshukia mabegani. Kibuyu kikiita, sisi sote tunanyamaza, hata Mama anaacha kukoroga ugali. Kikikatika, Bibi anakijibu kwa mdomo: “Tumesikia, ng’wanone.” Tumesikia, mwanangu. Ndipo sufuria inaendelea, kuku wanafukuzwa kuingia bandani, na usiku unaruhusiwa kuwa usiku. Asubuhi za gulio nilipeleka simu kuchajiwa Tinde, dukani kwa Mzee Jamali, Mhindi aliyezaliwa pale pale na aliyekijua Kisukuma kuliko baadhi yetu. Alikuwa anaitoa kwenye chaji mapema bila kukumbushwa, anasema, “Kimbia, baba yako asije akakuta nyumba haina mtu.”

Sasa, bip za Baba hazikuwa za namna moja. Kuna siku zilikuwa fupi, kama mtu aliyegonga mlango akakimbia. Siku nyingine zilikuwa ndefu: simu inaita, inanyamaza kidogo kama inayovuta pumzi, inaita tena, ndipo inakatika. Nilizitungia maana yangu. Fupi ni siku ambayo mwamba umekataa. Ndefu ni siku ambayo umetema. Kisha mahindi yalipoanza kubeba, zile fupi zikakoma. Zikawa ndefu tu, jioni baada ya jioni. Nikafurahi sana. Nilimwambia Holo, rafiki yangu wa jirani, kwamba baba yangu ametajirika na atarudi na gari.

Siku zile zile Mama alianza kuwa na kazi nyingine kila jua linapozama. Mara anateka maji, mara anafuata kuni ambazo zipo tele. Bibi naye alianza kukifuta kibuyu vumbi kwa pindo la khanga yake, kila siku, hata kama hakina vumbi. Niliyaona yote mawili na sikuyauliza.

Baba mdogo Masanja ndiye aliyeleta habari. Alikuwa mdogo wake Baba, mwenye mji wake ng’ambo ya mto, mtu mpole kwa kawaida, anayevaa kofia ya pama hata akila. Alifika mchana umeanza kupoa, akamsalimia mama yake, Bibi, “Mwadila, mayu,” akapokea shikamoo yangu bila kunitazama. Mama alikuwa chini anamenya karanga.

“Nimetoka Katoro,” alisema. “Nimekutana na watu waliotoka huko nje. Wanasema duara lilishuka. Wanasema kaka alikuwa ndani.”

Duara ni shimo lao la kuchimbia. Hata mimi nilijua duara likishuka maana yake nini.

“Nani alimwona?” Bibi akauliza.

“Hakuna aliyemwona, mayu. Aliyefukiwa haonekani.”

“Basi hakuna aliyemwona.”

“Lisemwalo lipo.”

“Na linaloita kila jioni halipo?” Bibi alinyoosha kidole kwenye kihenge. “Masanja, wewe umezaliwa na akili, nilikuwepo. Aliyekufa habipi.”

Baba mdogo akavua kofia, akaivaa tena. Akasema hataki ugomvi. Akasema tu ni vizuri matanga yawekwe, watu walie, roho ya ndugu yake isiendelee kuning’inia.

“Tukishaweka matanga?” akasema Bibi. “Malizia. Matanga yakianuliwa, mji wa kaka yako unakuwa wako, ng’ombe wake, na huyu hapa anayemenya karanga anakuwa mke wako.”

“Hizo ni taratibu, mayu. Sikuzitunga mimi.”

Mama hakuinua kichwa. Maganda ya karanga yalikuwa yanapasuka vidoleni mwake, moja baada ya jingine, na karanga zenyewe alikuwa anazitupa na maganda. Mimi nilijua wanachosema. Mama yake Holo alirithiwa hivyo hivyo na shemeji yake, akawa mke mdogo mahali ambapo hata sufuria hakuchagua, na Holo alikuwa anakuja kulia kwetu. Nikaelewa kwamba baba yangu akiwa hai Mama ni Mama, na akiwa amekufa Mama atahamishwa.

Jua lilikuwa limefika kwenye minyaa ya uzio. Kibuyu kikaita. Kikavuta pumzi, kikaita tena. Baba mdogo akaruka. “Naipokea,” alisema. “Nimsikie tu. Nikimsikia nitaomba radhi na mbuzi juu.”

Sijui Bibi alifikaje pale. Alikuwa mzee wa magoti mabovu, na ghafla alikuwa kati ya mwanawe na nguzo, mikono ameitanua. “Thubutu! Unataka kummalizia mwenzako salio ugenini? Akipata shida ya kweli atuite na nini?”

Simu ikakatika. Nilisikia panya ndani ya michembe. “Tumesikia, ng’wanone,” Bibi akasema, bado mikono ameitanua.

Baba mdogo alichukua fimbo yake. “Tuvune pamba kwanza,” alisema. “Pamba ikishauzwa nitakuja na wazee, na mbele yao itapokelewa.”

Usiku ule nilifanya kazi kubwa ya kuwapatanisha. Sikuweza kumwona Baba mdogo kuwa mwongo, na Bibi hakuwa mwongo pia. Basi wote wawili walisema kweli: Baba yupo chini ya ardhi, na anabip. Bibi mwenyewe alikuwa akituambia kwamba wachimbaji wanachezea dari la nyumba ya wafu. Ukichimba sana utalitoboa. Baba alikuwa mtu wa kutoboa. Alitoka Tanzania akakabidhiwa Kenya, Kenya ikamkabidhi Uganda, na mbele ya Uganda akavuka mpaka mwingine, akapokelewa na yule anayekaa pale, na simu ikaandika karibu. Mtandao wa huko ukaikamata. Kila nchi ina wake.

Kwa mtoto jambo hilo halikuwa gumu hata kidogo. Lililonitisha ni kwamba alikuwa karibu kuliko zamani. Nilianza kutembea kwa kunyata uwanjani nisimkanyage kichwa. Nilikataa kutwanga. Mchana watu wakiwa shambani nilikuwa natia sikio kibuyuni, nasikia ule mvumo ambao kila kitu kitupu huwa nao, na nilijua ni kule. Na magharibi, kibuyu kilipoita, nilichungulia kwenye kioo na kusoma jina, Baba Kabula, herufi zikiwaka kijani, nikahisi baridi ikinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilimpenda na nilimwogopa. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona kwamba nikisema Baba yupo kwa wafu, hata kama anabip, Baba mdogo atashinda.

Tukaingia kuvuna pamba. Jioni moja Bibi alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, na njia ilimchelewesha. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko. Kibuyu kikaita, na Mama, ambaye siku hizo hakukaa karibu nacho, akatoka ndani akaenda moja kwa moja akapokea.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa mama yangu, nami nilikuwa mtoto wa nidhamu. Asingeweza kwenda nayo pembeni kwa sababu mtandao ungeanguka, kwa hiyo aliegemeza paji la uso kwenye nguzo, amenipa mgongo, simu na kibuyu vimebanwa sikioni. Alisikiliza sana. Nilisikia “ndiyo” yake, kisha nyingine, zikishuka, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Usiache. Nakuomba usiache.”

Akairudisha simu. Akaenda jikoni, akachochea kuni mbichi mpaka moshi ukajaa, akakaa ndani ya moshi ule. Bibi aliporudi alimkuta macho mekundu yanamiminika. “Kuni hizi,” akasema Mama. Bibi akaitazama ile kuni, akamtazama yeye. “Ni mbichi,” akasema, akatoa kigoda chake nje.

Nami kwa akili yangu nikafungua ukurasa mwingine. Baba hakuwa kwa wafu hata kidogo. Yupo hai, amepata mwanamke huko, anataka kutuacha, na Mama amembembeleza asituache. Nilikasirika. Niliacha kunyata. Nilirudi kwenye kinu nikatwanga kwa nguvu zote, kila mchi nikiushusha nataka ausikie huko aliko. Na bado jioni ilipofika nilisubiri. Bip zilikuja, ndefu kama kawaida, na Bibi akazijibu kama kawaida, na Mama sasa hakukimbilia tena kuni. Alikuwa anakaa mkekani karibu na mama mkwe wake, anasubiri naye. Siri ya mtungi muulize kata, na pale uwanjani kila mtu alikuwa kata.

Pamba ilikuwa bado imerundikwa ndani, haijauzwa, Bibi alipoanza kubanwa kifua. Zahanati walimpa dawa, zikamsaidia kidogo, zikaacha kumsaidia. Mchana mmoja akataka ainuliwe, aegemezwe ukutani, mlango ufunguliwe aone kihenge. Mama akamshikilia. Mimi nilikuwa miguuni kwake, nampepea nzi.

“Mama Kabula,” akasema, “yule kijana umwambie apumzike.”

“Kijana gani, mama?”

“Huyo anayebip.”

Mkono wa Mama uliokuwa unamfuta jasho ukasimama.

“Mwanangu hakuwa na subira,” Bibi akasema. “Hata uji hakungoja upoe, kila siku ulimi una malengelenge. Bip yake ilikuwa hivi.” Akagonga ubao wa kitanda kwa ukucha mara moja, akaondoa kidole haraka. “Huyu ana subira. Anasubiri kidogo, anaona labda tutapokea. Zilipoacha kuja zile fupi, nilijua.”

“Ulijua?” Mama alikuwa ananong’ona. “Mama, ulijua siku zote hizo? Mimi nilimwomba asiache kwa ajili yako. Nilisema ukisikia kimya utakufa.”

“Na mimi nilisema aliyekufa habipi kwa ajili yako. Nilitaka upate nguvu kwanza. Yule mtoto wangu mwingine si mbaya, lakini wewe si ng’ombe.” Akapumzika, pumzi zikikwaruza. “Sasa umepata. Utamjibu mwenyewe.”

Mama alilaza kichwa chake mapajani mwa Bibi, na Bibi akawa anampapasa nywele, kama anayetafuta chawa. Hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Niliendelea kupepea nzi. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote na kuyaelewa, na hata hivyo nilikuwa nasubiri jioni.

Kijana yule anaitwa Renatus, Msumbwa wa Ushirombo, aliyekuwa akilala kibanda kimoja na Baba. Alikuja kwetu baadaye, alipopata njia ya kurudi, akaketi chini, akaeleza kwa mdomo kama inavyotakiwa. Baba hakushuka duarani na simu. Siku za zamu yake chini alimwachia Renatus, akimwambia jua likizama unibipie nyumbani, wasilale na mawazo. Ndiyo maana kulikuwa na fupi na ndefu. “Siku ile yenyewe nilibip,” Renatus alituambia, anatazama mikono yake. “Nilikuwa kibandani, sijajua lolote. Kumbe kifusi kilishamfunika tangu mchana. Nimewaambia yupo mzima, naye yupo chini.” Kesho yake akapiga ili aseme, hatukupokea. Habari ya msiba haiandikwi kwenye simu, hivyo akapiga tena kesho kutwa, akakata, akapiga jioni iliyofuata. Kila siku alikuwa akiacha iite kidogo anaomba tupokee, kisha anaingiwa na hofu kwamba tutapokea. Ile sheria ya mara mbili Baba hakuwahi kumwambia.

Bibi alifariki siku ile ile aliyozungumza na Mama, kabla jua halijalala. Bip ya jioni ile ilikuta nyumba imejaa vilio na hakuna aliyeisikia. Tulimzika kesho yake mchana, na magharibi uwanja ulikuwa umejaa watu wameketi kwenye mikeka, Baba mdogo Masanja katikati ya wazee, kofia yake magotini. Kibuyu kikaita.

Watu wote walijua habari ya kibuyu kile. Wakaguna kwa huruma, kwamba maskini, mtoto anabip nyumbani na hajui mama yake yuko kaburini. Mama akainuka katikati yao. Akapita kati ya miguu ya watu, akafika kwenye nguzo, akapokea mbele ya wazee wote.

“Renatus,” akasema. “Mama ametutoka. Amesema upumzike.” Akasikiliza kidogo. “Ndiyo. Asante, mdogo wangu. Lala sasa.”

Akairudisha simu mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaanguka pale chini ya kihenge, akalia kilio ambacho alikuwa amekificha ndani ya moshi, akimwita baba yangu kwa jina lake la utoto. Wanawake walikimbilia kumshika wakimwambia, “Ni Bibi, mama, ni Bibi aliyekufa, umechanganyikiwa,” naye anatikisa kichwa, anaita jina lile lile. Baba mdogo ndiye aliyeelewa kwanza. Aliiacha kofia yake ikaanguka, akashuka kutoka kwenye kiti akaketi chini kwenye vumbi, akafunika uso. Siku matanga yalipoanuliwa aliuliza kile alichotakiwa kuuliza, tena kwa sauti ya chini, na Mama akajibu hapana, atakaa alipoachwa na mama mkwe wake. Hakuulizwa tena.

Lakini mimi nataka kusema habari ya jioni iliyofuata ile ambayo Mama alipokea. Wageni wengi walikuwa wameondoka. Nilitoa kigoda cha Bibi nikakiweka pale pale, nikanyoosha miguu. Harufu ya michembe ikanishukia. Jua likagusa minyaa, likaingia ndani yake, likaisha. Kuku wakaenda bandani wenyewe. Mama akaniita nikale, sikuitika. Akaja mlangoni, akaniona, akarudi ndani. Nilikuwa najua kila kitu. Nilisikia kitandani kwa Bibi, nilimsikia Mama akilia, na hata hivyo masikio yangu yote yalikuwa kibuyuni, kwa maana sikuwa nimewahi, tangu kibuyu kipigiliwe nguzoni, kuona giza likiingia kwetu bila yeye kuaga.

Giza likaingia. Hapo ndipo baba yangu alipokufa.

Nilikaa mpaka kioo cha simu nisikione tena. Halafu kwa kuwa Bibi hayupo na mtu ilibidi aseme, nikasema mimi.

“Tumesikia, baba.”